Mzigo Unabebwa Mpaka Kambi ya Leo

Hebu jiulize, msomaji wangu: ni lini mara ya mwisho ulimfanyia mwenzi wako jambo dogo bila yeye kukuomba? Sizungumzii zawadi ya siku ya kuzaliwa wala chakula cha jioni hotelini. Nazungumzia kumchemshia maji ya kuoga, kumpigia pasi shati, au kumpokea mtoto anayelia saa tisa usiku ili mwenzio alale.

Somo hili nimelipata Tabora, ukweni.

Mama mkwe alipooza upande mmoja. Watoto wake wako Dar na Mwanza, kila mtu na kazi yake, na vikao vya familia vikageuka vya maneno makali: nani atamlea mama, nani atatoa pesa, mke wa nani ana nafasi. Mimi na mume wangu nasi tukaanza kununiana, maana ugonjwa wa mzazi unagusa bajeti, likizo na usingizi. Tukapanda treni kwenda kujionea wenyewe.

Bwana wee! Tulimkuta baba mkwe, mstaafu wa reli aliyepita miaka sabini, akimwogesha mkewe, akimchana nywele, akimnywesha uji kijiko kwa kijiko. Kwa malezi ya kizazi chake, hizo si kazi za mwanamume. Jirani wa jumuiya ndogondogo walikuja kwa zamu: huyu anafua, yule anachota maji, mwingine anakaa tu kupiga soga na mgonjwa.

"Baba, huchoki?" nikamuuliza.

"Nachoka, mwanangu. Lakini babu yangu alikuwa mpagazi. Mpagazi habebi mzigo mpaka Bagamoyo. Anaubeba mpaka kambi ya leo."

Maneno yale hayakunitoka. Kati ya Tabora na Bagamoyo misafara ilitembea miezi miwili, mitatu, mpagazi na kilo kama thelathini begani. Wanyamwezi wengi walisafiri na wake zao, nao wanawake wakibeba vyungu na vyombo vya kupikia. Yaani ndoa zilikuwa barabarani, zikigawana uzito.

Tulifika pia Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Alipofariki mwaka uliofuata, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kupitia huku huku Unyanyembe. Walishauriwa wauzike njiani, wakakataa. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Safari ile ya miezi tisa waliimaliza kambi kwa kambi.

Sisi Wakristo tunapenda kusikia kwamba Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu. Tunasahau kwamba ilikuwa kazi ya mtumishi, ya beseni na taulo, na kwamba aliifanya usiku ambao yeye mwenyewe alikuwa na mzigo mzito kuliko wote mezani. Hakusubiri kwanza apumzike.

Usiku ule mume wangu aliwapigia simu ndugu zake. Hakuuliza nani atamlea mama maisha yote. Aliuliza nani anaweza mwezi huu. Mmoja akachukua dawa, mwingine mshahara wa dada wa kusaidia, sisi tukachukua wiki mbili za likizo. Swali lilipokuwa dogo, majibu yakapatikana.

Na nyumbani kwetu? Tumekubaliana mambo matatu. Kwanza, kila siku kila mmoja afanye jambo moja kwa ajili ya mwenzake, bila kulitangaza. Pili, hakuna kuhesabu; ukianza kuweka daftari la nani kafanya nini, hiyo tena si huduma, ni deni. Tatu, aliyechoka aseme "nipokee", na asichekwe. Hata mpagazi hodari hutua mzigo.

Mama bado hajapona. Anasema maneno machache, mkono wa kulia haunyanyuki. Lakini shemeji zangu wanazungumza, na mume wangu siku hizi ananywesha mtoto uji huku akipiga mluzi, kama alivyomwona baba yake.

Kwa hiyo wewe unayesoma ukiwa umenuniana na mwenzio, usijiulize kama utaweza miaka thelathini. Kambi ya leo iko wapi? Pengine ni pale jikoni, kwenye vyombo vya jana. Inuka ukavioshe.