Kukimbia bila kuondoka mahali

Baadhi ya hoteli za Bukavu zinazopokea semina za mashirika zina chumba kimoja ambacho wageni wengi wanakipita bila kusukuma mlango. Ni sale ya spoti. Kwa kawaida si kubwa: mashine moja ao mbili za kukimbilia, baiskeli isiyoenda popote, vyuma vya kuinua ambavyo vingine vimepoteza wenzake, kioo kirefu ukutani. Mgeni aliyelipiwa chumba anaingia bure, mtu wa mtaani analipa. Kwa hiyo saa kumi na mbili ya asubuhi unakuta humo watu wa namna mbili: wafanyakazi wa mashirika wenye viatu vya bei, na vijana wa mji wanaojenga kifua.

Mwezi wa 6 mwaka 2024 aliingia humo mtu wa namna ya tatu. Mama wa miaka arobaini na kidogo, muuguzi, mhami kutoka Sake. Alikimbia na watoto wake na bwana wake mwezi wa 2 mwaka ule, vita ilipofika mlangoni mwa mji huo, na tangu hapo walikuwa wakilala chini ya shitingi kule Lushagala, upande wa magharibi wa Goma. Kwa kuwa alikuwa na diploma yake, shirika moja lilimpa kazi katika kituo cha afya cha kambi. Shirika hilo ndilo lililomtuma Bukavu kwa mafunzo ya siku tano. Alikuja kwa boti, maana barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na mapigano na ziwa ndilo lililobaki njia.

Usiku wa kwanza hakulala. Kitanda kilikuwa laini kupita kiasi, na kimya kilimsumbua. Kambini mtu anasikia kikohozi cha jirani wa nne. Kulipopambazuka akashuka ngazi akitafuta pa kunyoosha mgongo. Mlinzi akamsimamisha.

"Mama, kule ni kwa wageni tu."

"Miye pia niko mugeni, papa. Chumba cha juu, mwisho wa koloni."

Mlinzi akatazama kambambili zake, akatazama ufunguo, akafungua. Hakuna ubaya wa mlinzi hapo. Amezoea kwamba mtu wa kitenge anayetembea ndani ya hoteli saa ile ni mwenye kufua mashuka.

Ndani alikuwemo dereva mmoja wa mashirika, papa wa umri wake, akiinua vyuma polepole. Dereva huyo hakuwa akitafuta kifua. Alikuwa akitafuta mgongo wake, ulioharibika katika miaka ya barabara zetu. Ni yeye aliyemwonyesha mama namna ya kupanda juu ya mashine: kwanza miguu kando, bonyeza, anza na mwendo wa kwenda soko, shika chuma cha mbele. Akaongeza onyo ambalo halimo katika karatasi ya mtengenezaji, lakini kila mtu wa Kivu anapaswa kulijua. "Hapa usikimbie sana. Moto ikikatika, mashine inasimama, wewe unaendelea."

Hakumaliza dakika kumi kabla moto haujakatika. Mkanda ukakwama, mama akajirusha mbele akakumbatia ile mashine kama mtoto. Wote wawili wakacheka hadi mlinzi akaja kuchungulia. Jenereta ilipowaka, hakupanda tena. Alimaliza saa yake kwenye ngazi za hoteli, ghorofa tatu juu, ghorofa tatu chini, na ngazi za Bukavu hazihitaji moto wa mtu.

Dereva alikuwa mwenye maneno. Alimkumbusha kwamba nchi yetu iliwahi kupokea wageni wawili waliokuja kufanya spoti na dunia nzima ikawatazama: Muhammad Ali na George Foreman, Kinshasa, mwaka 1974. Foreman alikaa hoteli kubwa ya mji. Ali alibaki N'Sele na kukimbia kando ya mto. Pambano lilikuwa tarehe 30 mwezi wa 10, na Ali akamwangusha mwenzake katika raundi ya nane. Kwa dereva huyo maana ilikuwa wazi, hoteli inalegeza mtu. Hesabu hiyo ni ya dereva, si ya ngumi, maana yule wa hoteli ndiye aliyekuwa akipewa ushindi na wengi kabla ya kengele. Lakini inachekesha.

Mezani, wakati wa chai, wenzake wa semina walisikia habari ya mashine na mmoja akatupa neno: "Mama Muganga, haujachoka kukimbia?" Wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Kiswahili chetu hakina neno lingine. Anayekimbia bomu na anayekimbia ili apunguze tumbo, wote wamekimbia. Baadaye, chumbani, neno hilo lilimrudia, na hakulipenda tena.

Kichwani mwake hakuwa akijiwaza yeye mwenyewe. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri dakika 150 hadi 300 kwa juma, na ya kuimarisha misuli walau siku mbili. Kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Kazi ya mikono inahesabiwa. Kwa kipimo hicho, mwanamke wa Lushagala anayepanga foleni ya maji na kurudi na bidoni ya lita 20, ambayo ni kilo 20, mara tatu kwa siku, amemaliza juma lake kabla ya Jumatano. Kumwambia huyo afanye spoti ni matusi. Kinachomkosa ni chakula, usingizi, na mtu wa kumpokea mzigo.

Ni wanaume waliomtia hofu. Bwana wake alikuwa mkulima. Pale Sake alitembea kila siku kwenda shambani na kurudi, jembe begani, na hakuna aliyeita hiyo spoti. Kambini akawa mtu wa kukaa. Asubuhi juu ya jiwe la lava mbele ya shitingi, mchana juu ya jiwe lile lile upande wa kivuli. Kisha tarehe 3 mwezi wa 5 mabomu yakaanguka juu ya kambi za Mugunga na Lushagala, watu wakafa, watoto kati yao, na tangu siku ile akaacha hata kwenda kucheza ngola na wenzake. Mke alipompima, tansio ilikuwa 17 kwa 10. Dawa zilipatikana majuma mawili, zikakosekana majuma matatu. Na baba yake mzazi huyo bwana alikufa akiwa amepooza upande mmoja.

Jambo hili linastahili kusemwa waziwazi katika mitaa yetu, maana kila mara hesabu ya vita inaishia kwa waliopigwa risasi. Mtu akianguka miezi sita baadaye kwa sababu ya tansio, jirani wanasema alirogwa, ao wanasema ni mawazo. Mawazo yapo. Lakini kuna pia mwili uliozoea kilomita nyingi, ukafungiwa ndani ya mita nne.

Siku tatu zilizobaki alifanya ngazi kila asubuhi, na dereva akamfundisha mengine yasiyotaka mashine: kukaa na kusimama kwenye kiti mara kumi na tano bila kushika, kusukuma ukuta kwa mikono, kupanda na kushuka kidato kimoja. Aliyaandika katika daftari ya semina, kwenye ukurasa ule ule wa kipindupindu.

Aliporudi Lushagala alianza kwa bwana wake, na bwana wake akakataa.

"Nimekimbia toka Sake. Unataka nikimbie tena?"

"Sikusema ukimbie, Baba Watoto. Nasema utembee."

"Watu watasema nimeshiba."

Hilo la mwisho ndilo lilikuwa na uzito. Kambini, mtu anayetupa jasho bila kazi anaonekana kama anamwaga chakula. Na alikuwa na haki kidogo: siku ambazo sufuria ilikuwa tupu, muuguzi mwenyewe hakuthubutu kumsukuma. Tena kutembea wapi? Upande wa Sake palikuwa na bunduki, porini hakuna anayekwenda kwa kupenda.

Jibu lililetwa na bidoni. Mke hakumwomba tena atembee, alimwomba akachote maji. Alimpa bidoni mbili za lita 10 badala ya moja ya 20, moja kila mkono, mgongo wima, kama dereva alivyoshika vyuma vyake. Wanawake kwenye bomba walimcheka majuma mawili. Mzee mmoja akajiunga naye, kisha mwingine, kwa sababu foleni ya maji ina habari nyingi kuliko jiwe. Wakawa wanazunguka kambi yote kabla ya kufika bombani, wakisema wanatafuta foleni fupi.

Mwezi wa 9 tansio ilikuwa 15 kwa 9. Muuguzi hakusema ni kwa sababu ya bidoni. Dawa zilikuwa zimerudi, na anajua kwamba kutembea kunasaidia kushusha tansio lakini hakuchukui nafasi ya kidonge. Alichosema ni kwamba usiku bwana wake alikuwa ameanza kulala.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Goma ilianguka, na mwezi wa 2 kambi za kando ya mji zikabomolewa na wahami wenyewe, wakiambiwa warudi makwao. Familia hiyo ilirudi Sake kwa miguu, zaidi ya kilomita kumi. Bwana alibeba godoro kichwani na bidoni moja mkononi, akasimama mara nne njiani. Nyumba waliikuta bila mabati. Kesho yake, kabla hajatafuta miti ya kujenga, alikaa chini ya mwembe wa jirani na kunyoosha mkono, mke ampime.