Kazi ya Kurudi

Nilianza kazi Kibera mwaka 2001, katika kikundi cha jamii kilichokuwa na cheti cha serikali, chumba kimoja cha kukodi Laini Saba, kabati la chuma na wahudumu wa kujitolea, wengi wao kina mama wa papo hapo mtaani. Rais Moi alikuwa ametangaza Ukimwi kuwa janga la taifa Novemba 1999, lakini dawa za kupunguza makali bado zilikuwa za wenye pesa. Sisi tuliwatunza wagonjwa majumbani mwao. Baadaye tulifungua tawi Kawangware, upande wa Gatina. Leo nina mvi, na nikiulizwa ile ilikuwa kazi gani, nasema ilikuwa kazi ya kurudi.

Mkoba wa mhudumu ulikuwa na glavu, sabuni, vidonge vya maumivu, dawa ya zambarau ya kupaka vidonda vya mdomoni na pakiti ya unga wa uji. Vitu hivyo vilikwisha upesi. Kilichobaki ni mikono ya yule mama, aliyemgeuza mgonjwa kitandani, akafua mashuka, akamwonyesha binti wa darasa la sita namna ya kumnywesha mama yake uji kidogo kidogo.

Siri ilikuwa nusu ya kazi. Nyumba za Kibera ni za udongo na mabati, na neno likisemwa chumba hiki limeshasikika cha pili. Kwa hiyo mhudumu hakuingia akiuliza habari za ugonjwa. Aliuliza mtungi wa maji umefika shilingi ngapi, akacheka na majirani, akazungumzia chama cha akiba cha wiki hiyo. Maneno mazito aliyasema kwa sauti ya chini wakati redio inaimba. Mfadhili alituletea fulana nzuri zenye nembo, wagonjwa wakatusihi tusizivae. Fulana ikionekana mlangoni pako, mtaa mzima umekupima damu. Tukazifungia kabatini.

Kawangware ilitufundisha mengine. Kibera imekaa juu ya ardhi ya serikali, na wenye mabanda wengi huishi kwingine na kumtuma mtu kukusanya kodi. Kawangware sehemu kubwa ni ardhi ya watu binafsi, na mara nyingi mwenye ploti analala ua mmoja na wapangaji wake. Mgonjwa asiyeweza kwenda kibarua hukosa kodi, na asiyelipa huweza kurudi akute mlango umeng'olewa. Nilimwona mhudumu wetu mmoja akikaa na shosho (bibi mzee) mwenye ploti tangu chai ya saa nne hadi adhuhuri, bila kutaja ugonjwa hata mara moja. "Shosho, huyu ni mtoto wako pia. Mpe mwezi." Alipewa mwezi. Hakuna fomu iliyokuwa na nafasi ya kuandika jambo kama hilo.

Fomu ziliuliza watu wangapi wamefikiwa. Mgonjwa aliyetembelewa mwaka mzima, kwa mvua na matope, alihesabiwa mtu mmoja. Semina ya asubuhi moja yenye soda na mkate ilijaza majina kurasa kadhaa. Niliziandika ripoti hizo kwa uaminifu, kila robo mwaka, na kila mara niliumia kuona kazi kubwa kuliko zote imekaa kwenye safu nyembamba kuliko zote. Watu wa mtaani walikuwa na hesabu yao. Hawakuuliza umefikia wangapi. Waliuliza, "Utarudi lini?" na siku ikifika wakatazama kama umerudi.

Ni kwa hesabu hiyo watu wa Kibera waliwapima wote waliokuja kuwasaidia. Ndiyo maana jina la Tabitha Atieno Festo linatajwa kwa heshima hadi leo. Alikuwa muuguzi. Mwaka 2000 alipata dola 26 za mtaji kutoka kwa mwanafunzi Mmarekani, Rye Barcott, akauza mboga, na faida yake akaanzishia kliniki katika nyumba yake mwenyewe ndani ya Kibera. Alifariki mwaka 2004, na kliniki ikaendelea kwa jina lake. Alikuwa jirani kabla ya kuwa mradi.

Kisha dawa zikaja. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kuwapa watu wa Kibera dawa hizo za kupunguza makali, ARV, bila malipo mwaka 2003, na miaka michache baadaye hospitali za serikali nazo zikaondoa ada. Niliwaona watu niliowahi kushiriki kuwaandalia mchango wa mazishi wakisimama, wakapika chapati, wakafungua kioski. Lakini kidonge kinataka saa maalumu, na nyumba nyingi hazikuwa na saa. Wahudumu wakapatana na wagonjwa: taarifa ya habari ya saa moja jioni ikianza kusikika kwa jirani, meza dawa. Jioni walipita kuona kama imemezwa.

Mwisho wa Desemba 2007 matokeo ya uchaguzi wa rais yakatangazwa, ghasia zikazuka na moto ukawaka. Soko la Toi liliteketea, reli ikang'olewa, watu wakakimbilia uwanja wa maonyesho wa Jamhuri. Hatukuthubutu kutembea na daftari lenye majina ya wagonjwa, maana jina la mtu lilitosha kumuua kwa kabila lake. Wahudumu walikuwa Waluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba na Wanubi. Kila mmoja alienda alikoweza kupita, akiwatafuta wagonjwa kwa kichwa: yule wa mtaa wa Gatwekera kakimbilia wapi, yule wa mtaa wa Lindi amebakiwa na dawa za siku ngapi. Waliwapata wengi kwa sababu waliwajua, na waliwajua kwa sababu walikuwa wamerudi kwao miaka yote ile.

Miaka michache baadaye mkataba wa mfadhili ukaisha. Tulifunga ofisi, tukarudisha funguo. Mimi nilipata kazi nyingine. Kina mama waliendelea kuwatembelea wagonjwa bila posho, na watu wakawasifu kwa moyo wao. Mimi pia niliwasifu, lakini sifa hailipi kodi ya nyumba wala karo. Walikuwa na watoto kama sisi tuliolipwa mishahara, na kuwaachia mzigo ule bure ilikuwa dhuluma.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Nilifurahi, maana hatimaye kazi ya kina mama wale imeandikwa katika bajeti ya nchi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona tena jinsi huduma iliyojengwa juu ya mkataba wa ng'ambo inavyoweza kukatika kwa siku moja.

Kwa hiyo ninayo haya ya kuwaambia wanaopanga kazi hii sasa. Katika ripoti, hesabuni mara ambazo mhudumu amerudi kwa mtu yuleyule. Katika bajeti, anzeni na mhudumu kabla ya gari, semina na fulana. Na hizo shilingi 5,000 zilipwe kila mwezi, kwa tarehe yake, kwa sababu mhudumu naye anangojewa kwa tarehe yake.