Mafuta ya Difu

Nakuru ni mji wa watu wanaojua magari, au angalau wanaoyaongelea sana. Keti kwenye kibanda chochote cha chai karibu na gereji, kutoka Shabab hadi Free Area, na utasikia hukumu zikitolewa: injini ipi ni ngumu, giaboksi ipi ya kuepuka, Subaru ipi inakunywa petroli kama mtu aliyetoka jangwani. Lakini difu haina mashabiki. Inaning'inia pale nyuma katikati ya magurudumu, imepakwa matope, na watu huikumbuka ikianza kulia.

Mimi niliikumbuka kwa sababu ya anko wangu. Anko hubeba viazi. Pikapu yake huteremka kutoka Mau Narok ikiwa imejaa, inapita Njoro, inafika sokoni Nakuru kabla jua halijachomoza. Pikapu ilinunuliwa kwa mkopo wa sacco, mkopo unalipwa na viazi, na karo ya watoto wake wawili hutoka kwa kinachobaki. Kwa hivyo difu ilipoanza kunguruma, haikuwa habari ya gari tu.

Ilikuwa inanguruma kwenye kona kali peke yake. Barabarani, gari likienda moja kwa moja, kimya. Lakini akigeuza pale sokoni, polepole, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, gurrr-gurrr-gurrr, na kiti kinatetemeka. Gereji moja mjini ilimwambia difu imekufa. Ama anunue vitu vyote vya ndani, ama ing'olewe iwekwe nyingine ya kawaida kutoka kwa gari lililochinjwa. Bei waliyomtajia ilimfanya ahesabu magunia kwa vidole. Nilipomuuliza kilichofanyika karibuni kwa hilo gari, akasema, "Si walinibadilishia tu mafuta wiki mbili zilizopita? Hao hao."

Ili kuelewa kwa nini jibu hilo lilinifanya niombe asubiri, lazima kwanza tuingie ndani ya difu.

Gari likikata kona, gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingelazimika kuburutwa. Difu huyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti. Ni uvumbuzi mzuri, na ubaya wake unauona vizuri Mau Narok mwezi wa Aprili. Difu ya kawaida huyapa magurudumu mawili nguvu sawa. Sasa moja likiingia kwenye tope, halihitaji nguvu yoyote ili lizunguke. Basi na mwenzake, hata akiwa amesimama kwenye murram ngumu, anapata hicho kidogo tu. Gurudumu moja linarusha matope mpaka kwenye kioo, lingine limetulia kama halijaitwa, na wewe umekwama na tani nzima ya viazi mgongoni.

Dawa ya hilo ndiyo mafundi huita LSD, difu inayozuia kuteleza. Aina ya zamani na ya kawaida kwenye pikapu ina pleti ndogo za klachi zilizopangwa kama chapati. Nusu zimeshikana na ekseli, nusu na nyumba ya difu, na springi huzibana pamoja. Gurudumu moja likianza kukimbia peke yake, pleti hukatalia na kupeleka sehemu ya nguvu upande ulioshika. Kwenye kona ya kawaida, pleti hizo lazima zikubali kuteleza kidogo, kwa ulaini, bila kelele. Na zote zinaogelea kwenye mafuta yale yale yanayolainisha gia.

Hapo ndipo shida ilipo. Gia kubwa za difu, krauni na pinioni, hazibingirishani tu. Meno yake husuguana kwa nguvu sana. Ndiyo maana mafuta yake huwekewa kemikali za salfa na fosforasi zinazofanya ngozi nyembamba juu ya chuma, ili chuma kisigusane na chuma. Ile harufu ya mayai yaliyooza ukifungua difu ni hiyo salfa. Lakini pleti za klachi zinataka pia kitu kingine. Umewahi kuburuta kiti kwenye sakafu ya simenti kikapiga kelele? Kinanata, kinaachia, kinanata, kinaachia. Pleti zisipopata mafuta yake hufanya vivyo hivyo kwenye kona. Aditivu ya LSD hufanya kazi moja: hupunguza ule mnato wa kuanzia, ili pleti ziteleze kwa utaratibu badala ya kuruka.

Kwa hivyo kunguruma kwa difu iliyotoka kubadilishwa mafuta kunaweza kuwa kifo, lakini kunaweza pia kuwa kiu.

Tulianza kwa kuthibitisha kama kweli ni LSD. Kwenye magari mengi kuna kibati au maandishi karibu na boliti ya kujazia yanayosema litumike mafuta ya LSD pekee. Cha Anko kilikuwa chini ya matope ya miaka. Tukakisugua kwa brashi ya waya na dizeli, maneno yakatokea. Kuna na jaribio jingine: inua magurudumu yote mawili ya nyuma, ziba ya mbele kwa mawe, gia iwe huru, halafu zungusha moja kwa mkono. Difu ya kawaida, lile lingine huzunguka kinyume. LSD ya pleti iliyo hai, huenda upande mmoja na mwenzake. Letu lilifuata. Pleti zilikuwa bado zinashika.

Dukani kwa spea ndipo wengi hupotea. "Gia oili ni gia oili, kiongozi," muuzaji aliniambia, akiweka mtungi juu ya kaunta. Sivyo. Angalia mambo matatu. La kwanza ni GL-5. Hiyo ni daraja la mafuta ya difu za aina hii. GL-4 ina kinga ndogo zaidi, na mara nyingi ni ya giaboksi. Usigeuze pia: GL-5 ndani ya giaboksi ya manyuo ambayo haikuundiwa hiyo inaweza kuharibu ringi za shaba zinazosaidia gia kuingia.

La pili ni uzito. Kwenye 80W-90, ile namba yenye W ni ya baridi, na 80W hupimwa katika nyuzi 26 chini ya sifuri. Mau Narok kuna baridi, lakini haijafika huko. Kwa hivyo usilipie 75W kwa kuogopa umande. Namba ya pili ndiyo ya joto na mzigo: 90 ndiyo kawaida, na 140 ni nzito zaidi, inafaa kama kitabu cha gari kinairuhusu kwa kazi ngumu. Kitabu cha Anko kilitaka 90, tukabaki hapo.

La tatu ni herufi LS au LSD kwenye mtungi. Zikiwepo, aditivu tayari imo, na kwa kawaida huhitaji kuongeza. Zisipokuwepo, unanunua chupa ndogo pembeni. Ukizidisha aditivu, pleti zitateleza kabisa na LSD yako itakuwa difu ya kawaida iliyokugharimu zaidi. Na angalia stika ya KEBS. Mtungi ukiwa rahisi mno, jiulize umejazwa wapi.

Kazi yenyewe ni ya saa moja. Gari litembee kidogo kwanza ili mafuta yapate joto. Fungua boliti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, maana ukimwaga yote halafu ya juu igome, gari limekwama hapo hapo. Boliti ya chini mara nyingi ina sumaku. Uji wa kijivu, laini kama masizi, ni kuchakaa kwa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu ni habari mbaya. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingia maji, pengine mtoni au kupitia bomba la kupumulia lililoziba. Yetu yalikuwa safi, yenye uji tu. Tukajaza mafuta ya LSD mpaka yakaanza kuchungulia kwenye tundu, tukafunga.

Kisha tukatafuta uwanja mtupu, na Anko akaendesha polepole akichora namba nane, mara kumi kila upande, ili mafuta mapya yaingie katikati ya pleti. Mizunguko ya kwanza ilinguruma. Ya nne ikanguruma kidogo. Kufikia ya nane nilimwona amezima redio ili asikilize vizuri.

Nimesimulia hili kwa vijana wenye Subaru, na swali huwa lile lile: niweke hiyo aditivu na mimi? Inategemea kilicho ndani. Impreza nyingi zina LSD ya silikoni: kioevu kizito kimefungiwa kwenye kopo lake na hakikutani kabisa na mafuta ya difu. Hapo aditivu haina la kufanya, na kopo likichoka hubadilishwa lote. Zile za gia tupu, kama Torsen, kwa kawaida huhitaji GL-5 ya kawaida tu. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, baada ya miaka 19, tulijazana Naivasha na Elmenteita kutazama magari yakipita lile vumbi laini la Kedong, na kila mtu aliongelea farasi wa injini. Lakini bila difu za mbele na nyuma kugawa nguvu, hao farasi wangechimba shimo tu.

Sidai kila difu inayolia itapona kwa mafuta. Inayovuma barabarani kwa kasi fulani huenda ni beringi au krauni, na inayogonga ukiachia klachi ina nafasi mahali. Ninachosema ni kwamba swali la bei nafuu liulizwe kabla ya lile la bei ghali, na fundi mzuri hukasirika usipomuuliza.

Anko alinunua rangi nyeupe na brashi ndogo. Akalala chini ya pikapu, akaandika kwenye mgongo wa difu kwa herufi kubwa: LSD, GL-5, 80W-90. Chini yake akaongeza kwa mkono mdogo: uliza kwanza.