Vidonge vya mjomba

Muhimbili walipoanza kupandikiza figo mwaka 2017, sikudhani habari ile ingefika nyumbani kwetu. Leo mjomba anaishi na figo ya mama yangu.

Halafu bodaboda ikamvunja mguu, akafungwa chuma cha titaniamu. Sasa skrubu zinalegea, naye anataka kuacha vidonge vinavyozuia mwili usiikatae figo.

Hajaropoka. Titaniamu hushikana na mfupa. Mswidi Brånemark aliliona hilo kwa sungura miaka ya 1950. Majaribio ya baadaye, pia kwa sungura, yalionyesha saiklosporini hupunguza mfupa unaoota kando ya titaniamu. Prednisoloni nayo hudhoofisha mifupa. Lakini akiacha, figo inakufa, na mama hana nyingine ya kutoa. Jumatatu tunapanda basi kwenda kwa daktari wake, dozi apange yeye.