Fundi Asiye na Cheti

Ndugu msomaji, labda wewe ni fundi. Labda unashona nguo, unachomelea vyuma au unaranda mbao. Labda hukuingia chuo chochote. Ulikaa karibu na fundi mwingine, ukamtazama, ukashika kifaa, ukajua. Maneno haya nakuandikia wewe, kwa sababu mimi ni mwenzako. Mimi ni mwashi. Aliyenifundisha ni mjomba wangu, hapa hapa wilaya ya Mpwapwa. Ada yake ilikuwa kumchotea maji na kumbebea matofali.

Nataka tuzungumze jambo moja. Waajiri wakubwa huwapataje mafundi? Na sisi tuliofundishwa na wajomba tunapita mlango gani?

Turudi nyuma kidogo. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, wataalamu walikuwa wachache mno. Mpango wa kwanza wa miaka mitano ulianza mwaka 1964. Uliweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake. Serikali ikapiga hesabu. Tunataka madaktari wangapi? Wahandisi wangapi? Walimu wangapi? Ikasomesha kwa hesabu hiyo. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na benki na viwanda vingi vikawa mali ya umma. Basi aliyesomesha na aliyeajiri akawa yule yule. Alikuwa kama mama anayepika na kupakua mwenyewe. Anajua wanaokula ni wangapi.

Baadaye mambo yalibadilika. Katika miaka ya 1990 viwanda na mashirika mengi ya umma yaliuzwa. Waajiri wakawa watu wengine, wengi na wa aina nyingi. Serikali ilibaki jikoni, lakini walaji walikuwa nyumba nyingine. Ilibidi waulizwe wanataka chakula gani.

Mwaka 1994 ilitungwa sheria iliyoanzisha VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Vyuo vya ufundi vilikuwapo hata kabla ya hapo, kama kile cha Chang'ombe, Dar es Salaam. Lakini sasa waajiri walipewa nafasi ya kusema wanahitaji mafundi gani. Tena walitakiwa kulipia.

Hapa sikiliza vizuri, maana watu wengi hawajui. Mwajiri mkubwa hulipa serikali tozo ya kuendeleza ujuzi. Huko maofisini huiita SDL. Hupigwa hesabu kwa jumla ya mishahara anayolipa. Mwaka 2013 tozo hiyo ilishushwa kutoka 6% hadi 5%. Ikaendelea kushuka, na mwaka 2023 ikafika 3.5%. Tuchukue mfano wa mwaka huo. Kampuni ikilipa mishahara ya shilingi 10,000,000 kwa mwezi, tozo yake ni shilingi 350,000. Fedha hizo hazikatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Anatoa mwajiri mwenyewe. Sehemu yake huenda kwenye mafunzo ya ufundi, na sehemu nyingine huenda kwenye shughuli nyingine za serikali. Waajiri hulalamika kwamba tozo ni kubwa. Mimi siwaonei huruma sana. Anayetaka maziwa na achangie majani ya ng'ombe.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuhamia Dodoma. Baada ya hapo ujenzi ukawa mwingi, ofisi na nyumba kila upande. Mwaka 2019 nilichukua mwiko wangu, timazi na pima maji, nikapanda basi. Nilikuwa nimejenga kwa miaka 14. Nimejenga nyumba za watu, madarasa mawili na zahanati moja.

Nilifika kwenye saiti ya kampuni moja. Msimamizi hakutazama mikono yangu. Aliuliza, "Cheti kiko wapi?" Sikuwa nacho. Akaniandika saidia fundi, shilingi 10,000 kwa siku. Fundi alilipwa 20,000. Kijana niliyepewa kumsaidia alikuwa na cheti cha chuo. Alikuwa mtu mwema, tena anayejua kazi. Lakini kona ya ukuta ilipomshinda aliniita pembeni, nikamnyooshea. Jioni yeye alipokea 20,000, na mimi nikapokea 10,000.

Nilikasirika, lakini nikawaza pia. Msimamizi ana watu 60 mlangoni. Atajuaje nani amejenga kweli na nani anasema tu? Kwake karatasi ni shahidi. Kasoro ni kwamba mfumo ulihesabu viti vya chuoni tu, na wanafunzi wa mjomba hawakukaa kwenye viti hivyo.

Siku moja pale saiti nikasikia kwamba VETA hupima watu kama sisi. Utaratibu huo huitwa urasimishaji wa ujuzi. Yaani ujuzi uliopata kazini unatambuliwa rasmi. Nilikwenda kuuliza, nikajiandikisha.

Walikuja wapimaji. Kwanza walinihoji. Umeanza lini? Umejenga wapi? Kisha wakasema, jenga kona, kozi sita. Hapo sikuwa na hofu. Wakauliza kipimo cha zege. Nikajibu: saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne. Hilo mjomba alinifundisha kwa wimbo wakati tunakoroga.

Kisha wakaniwekea ramani mezani. Hapo palikuwa pagumu. Ndugu msomaji, mimi nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, darasani kama wewe, jioni, tukiwa tumekaa kwenye madawati ya watoto. Maneno niliyasoma. Tarakimu nilizisoma. Lakini kwenye ramani tarakimu zimeandikwa kwa milimita, na mimi nilizoea futi na hatua za miguu. Ukuta wa mita tatu umeandikwa 3000. Mtu anaweza kushtuka.

Hawakunifukuza. Walisema ujuzi wa mikono ninao, nimepungukiwa ramani na usalama kazini. Wakanipa mafunzo mafupi ya mambo hayo tu, si ya yale ninayoyajua. Wakanipima tena, nikapata cheti.

Niliporudi saiti, msimamizi alikisoma mara mbili. Kesho yake nilikuwa kwenye orodha ya mafundi.

Cheti hakikuongeza hata tofali moja katika ujuzi wa mikono yangu. Huku kijijini hakuna anayekiuliza. Wananiuliza tu nitaanza lini na nitataka kiasi gani.

Sasa ninaye msaidizi, kijana wa hapa kwetu. Ana miaka mitano ya kazi na ukuta wake umenyooka. Kusoma hajui vizuri. Nimempeleka darasani jioni, na mchana nachora ramani mchangani kwa kijiti. Juzi nilimwandikia 2400, nikamwuliza ni mita ngapi. Alipima kwa macho, akatafakari, akasema mbili na nusu kasoro kidogo. Nikamwambia hiyo "kidogo" wapimaji wataitaka kwa tarakimu.