Kuze ya Mombasa na Liwali Aliyekusanya Hazina ya Mji

Mgeni afikaye Mombasa kwa mara ya kwanza hutaka kuona bahari na Ngome. Ni wachache waulizao habari za Kuze. Kuze ni mmojawapo wa mitaa ya Mji wa Kale, katika kisiwa cha Mombasa, na kutoka hapo hadi Ngome ni mwendo mfupi wa miguu. Vichochoro ni vyembamba, nyumba zimebanana, na mbele ya milango mna baraza ambapo wazee hukaa jioni wakinywa kahawa tungu na kuzungumza. Apitaye upesi ataona kuta zilizoliwa na hewa ya chumvi. Akaaye na kusikiliza atatambua kwamba mali kubwa ya mitaa hii ni maneno: mashairi, methali, nasaba na habari za vita vya zamani.

Mali ya namna hiyo ina hatari yake. Haina ukuta wa kuilinda, na mwenye nayo akifa huzikwa nayo. Kwamba sehemu yake imeokoka, twapaswa kuwashukuru watu wachache waliokubali taabu ya kuandika. Mmoja wao ni marehemu Sir Mbarak Ali Hinawy.

Kukusanya vitu vya ajabu ni desturi ya zamani ya wakubwa wa nchi nyingi. Huko London aliishi bwana mmoja, Walter Cope, aliyekuwa mbunge na mtu wa karibu wa serikali, na ambaye mwaka 1603 Mfalme James wa Kwanza alimpa cheo cha Sir. Bwana huyu alikuwa na chumba kilichojaa vitu vya nchi za mbali. Mwaka 1599 msafiri wa Uswisi, Thomas Platter, alikitembelea akaandika orodha ya aliyoyaona: hirizi ya Afrika iliyofanywa kwa meno, silaha za mifupa ya samaki, manyoya ya ndege wa kigeni, na mtumbwi. Wageni walitazama wakastaajabu. Lakini ile hirizi haikuweza kumwambia mtu yeyote ilivaliwa na nani, wala kwa ajili ya jambo gani. Kitu kilichotengwa na watu wake ni sawa na bubu.

Mbarak Ali Hinawy alikusanya kwa njia nyingine. Alizaliwa mwaka 1896. Mwaka 1937 alifanywa Liwali wa Mombasa, na mwaka 1941 Liwali wa Pwani, kazi aliyoishika mpaka alipofariki mwaka 1959. Siku zile ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Waingereza waliuendesha kwa mapatano ya mwaka 1895. Hali hiyo ilikwisha Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Liwali alikuwa mtu wa barua, mashauri na madai ya kila namna. Hata hivyo Sir Mbarak alipata nafasi ya kutafuta mashairi na hati za kale za watu wake mwenyewe, huku wenye kuzifahamu wakiwa hai.

Mwaka 1950 kilitoka kitabu chake juu ya Akida Muhammad bin Abdallah bin Mbarak Bakhashweini, aliyekuwa mkuu wa Ngome na kumwasi Sultani Barghash, mpaka manowari za Waingereza zilipoipiga Ngome kwa mizinga mwezi wa Januari 1875, naye akasalimu amri. Taarifa za serikali zingeweza kutuambia habari za mizinga. Sir Mbarak aliongeza nyimbo na mashairi ya siku zile, ili msomaji ajue pia wenyeji walisema nini.

Faida ya kazi kama hiyo huonekana katika habari ya Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mombasa, aliyefariki kiasi cha mwaka 1840. Mashairi yake yalikaa vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya na kuyaandika, Mwingereza W. E. Taylor akayahifadhi, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa kuwa kitabu. Lau mnyororo huo ungekatika kwa Mwalimu Sikujua, leo tungalibaki na jina la Muyaka tu. Karatasi za Taylor na Hichens zimehifadhiwa London, katika School of Oriental and African Studies. Zimetunzwa vizuri, lakini kijana wa Kuze atakaye kuona mwandiko wenyewe yuko mbali nao.

Kwa vitu vya mkono, Mombasa ilipata bahati njema zaidi. Ngome, iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilikuwa gereza tangu 1895 hata 1958. Ndipo wafungwa walipoondolewa, na Bwana James Kirkman akachimba na kuchunguza kwa msaada wa fedha za Gulbenkian Foundation. Mwaka 1960 ilifunguliwa kuwa makumbusho. Sir Mbarak alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Humo leo mwenyeji aweza kuona vyombo vya udongo vya pwani, na hata vitu vilivyotolewa katika Santo António de Tanná, jahazi la Wareno lililozama chini ya Ngome mwaka 1697. Vitu hivyo si bubu, maana vimekaa karibu na watu wa mahali pake.

Sheria yaweza kulinda mlango wa nakshi wa Mji wa Kale. Haiwezi kulinda shairi alijualo bibi mmoja tu, wala daftari la babu lililowekwa sandukuni pamoja na mchwa. Kazi hiyo ni ya wenye nyumba, nayo si ya Mombasa peke yake. Mkulima wa bara naye ana wazee wajuao majina ya mito, mipaka na mbegu za kale. Ajuaye kusoma na kuandika, na akakosa kuwauliza wangali hai, asije akamlaumu mgeni kwamba amechukua hazina ya nchi; hazina nyingi hupotea papa hapa nyumbani, kwa kukosa kalamu na saa moja ya jioni.