Besi aliyoniachia

Mwaka jana rafiki yangu alipata safari. Mnajua inavyokuwa hapa Nyarugusu. Miaka ya kusubiri, halafu siku moja jina linatoka, na mtu anaanza kugawa vitu haraka haraka. Sufuria kwa mama wa jirani, godoro kwa mdogo wake. Mimi aliniachia besi.

Siyo gitaa la umeme. Ni ile besi kubwa ya kusimama, aliyoiunda mwenyewe kwa mbao za masanduku na waya za breki. Kilichonitesa ni namna alivyozikaza nyuzi. Sisi wa kwaya tumezoea, kutoka chini kwenda juu: Mi, La, Re, Sol. Yake ilikuwa Do, Sol, Re, La. Jumamosi ya kwanza ya mazoezi vidole vyangu vilienda pale vilipopazoea, ikatoka kelele tupu. Mwalimu wa kwaya akauliza, "Kijana, hiyo besi imelewa?" Akaniambia nikaze nyuzi kama za watu wengine.

Ningefanya hivyo jioni ile ile, lakini rafiki yangu alikuwa ameniachia pia memori kadi, na ndani yake nyimbo nyingi za Red Mitchell. Huyu ni Mmarekani wa jazi, alizaliwa mwaka 1927. Mwaka 1966, akiwa na jina tayari, alizilegeza nyuzi zake na kuzikaza upya: Do, Sol, Re, La. Yaani aliharibu kila kitu ambacho mkono wake wa kushoto ulikuwa unajua. Miaka miwili baadaye akahamia Sweden, akakaa huko miaka mingi. Mtu wa karibu miaka 40 kuanza upya! Nilisikiliza kwa simu, betri ikaisha, nikaenda kuchaji, nikarudi kusikiliza.

Anayejua do-re-mi ataelewa shida. Kutoka Mi hadi La unahesabu sauti nne. Kutoka Do hadi Sol unahesabu tano. Besi ni ndefu, sauti zake ziko mbalimbali, hivyo kwa nne mkono unafika bila kukimbia sana. Kwa tano lazima uhame kila mara. Faida yake? Chini unapata Do, ambayo Mi haifiki, na juu unapata La badala ya kuishia Sol. Ni kama cello, ila oktava moja chini. Na sisi Wakongomani tusishangae sana: mi-composé ya rumba ni gitaa ambalo uzi wa Re umetolewa ukawekwa mwembamba, unalia oktava moja juu.

Halafu kuna solo. Zamani besi ya jazi kazi yake kubwa ilikuwa kushika mwendo tu. Jimmy Blanton alipoingia bendi ya Duke Ellington mwaka 1939, akaanza kupiga melodi kama mtu wa tarumbeta. Alikufa mwaka 1942 kwa kifua kikuu, ana miaka 23. Mimi nina 24, nikisoma hivyo nilifunga simu kwanza.

Solo ya papo hapo haiandikwi. Wenzako wanashuka, ngoma inanong'ona, na wewe unabeba wimbo wote kichwani huku unatafuta njia nyingine ndani yake. Ukipotea, kila mtu anasikia. Mimi kwa besi ile nilipotea wiki tano mfululizo.

Aliyenitoa aibu ni mtoto wa miaka 14 kwenye kundi langu la vijana. Hajawahi kushika besi nyingine, kwa hiyo hajui kwamba hii ni ngumu. Siku moja tulipomwachia nafasi alianza kwenye Do ya chini, akakaa hapo hapo, akaiacha itetemeke mpaka nikafikiri amesahau. Kisha akapanda polepole, uzi kwa uzi, mpaka La ya juu. Mpiga ngoma akacheka kwa furaha akasahau kupiga. Hata mwalimu alinyamaza, ingawa baadaye alisema tena nirudishe nyuzi kabla ya Pasaka.

Juzi rafiki yangu alipiga simu. Kwao baridi, anafanya kazi usiku, besi hana. Akaniuliza, "Umeshaibadilisha?"

Nikamwambia bado. Nikampa mtoto simu aishike karibu na mbao, nikapiga Do.